Plagi Haidanganyi: Mwongozo kwa Wapiga Kiki wa Ukambani

Pita asubuhi kwenye stendi ya bodaboda, iwe Wote, Emali, Mwingi au Mutomo, hutakosa jamaa anayepiga kiki. Anapiga, anahema, anavua koti, anapiga tena. Washauri hawakosekani: tikisa tangi, vuta choki, isukume kwenye mteremko. Mteja naye ameshapanda pikipiki nyingine. Katika mashauri yote hayo, hakuna aliyesema wafungue plagi waitazame. Mwongozo huu ni wa jamaa huyo, pamoja na washauri wake.

1. Acha injini ipoe. Hedi ya silinda ni ya alumini, na plagi ni ya chuma. Ukiifungua plagi injini ikiwa bado ina moto, inaweza kutoka na meno ya hedi, na hapo kazi ya dakika kumi inageuka kazi ya kuchonga meno upya kwa fundi wa mashine. Enda ukanywe chai. Hiyo nayo ni sehemu ya ufundi.

2. Ondoa mchanga kwanza. Barabara za Kitui na Makueni hupakia vumbi bila nauli, na vumbi hilo hupenda kukaa kwenye shimo la plagi. Ukifungua bila kulipuliza, linaanguka ndani ya silinda na kukwaruza kuta zake kila pistoni inapopanda na kushuka. Chomoa kofia ya plagi kwa kuishika yenyewe, usivute waya. Legeza plagi nusu mzunguko, puliza tena kwa pampu, ndipo uitoe.

3. Isome kabla ya kuitupa. Hapa ndipo wengi hukosea: plagi ya zamani hutupwa kichakani ikiwa na habari zote za injini. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu inasema mambo ni shwari. Masizi makavu meusi yanasema petroli imezidi hewa. Anza kwa kukagua filta ya hewa, maana huku huziba upesi. Weusi wenye majimaji ya oili unaonyesha kuwa ringi au sili za valvu zimechoka, na plagi mpya haitaziponya. Weupe wenye vidonda unaonyesha joto kali: huenda hewa imezidi, au umeweka plagi isiyofaa injini hiyo.

Plagi hujisafisha ncha yake ikifika takriban nyuzi 450 za Selsiasi. Ikipita 850 hivi, huanza kuwasha petroli kabla ya wakati. Ndiyo maana pikipiki inayozunguka sokoni tu, safari fupi fupi, inaweza kukusanya masizi, ilhali ile inayokimbia na mzigo kati ya Makindu na Mtito Andei inakumbana na joto. Petroli ya chupa iliyotiwa mafuta ya taa nayo huchafua plagi. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili kuondoa tamaa ya kuyachanganya. Bado, jaza kwenye kituo unachokiamini.

4. Nunua namba, usinunue sura. "Fundi, niwekee plagi yoyote." "Ndugu yangu, yoyote haiko kwenye kitabu cha pikipiki." Fundi huyo yuko sahihi. Namba inaeleza unene wa meno, urefu wake na uwezo wa plagi kupitisha joto. Kwa NGK, namba ya joto ikipanda, plagi ni ya baridi zaidi. Kwa Bosch ni kinyume. Meno yakiwa marefu kupita kiasi, plagi inaweza kugongana na pistoni. Na kama injini yako ina plagi mbili kwenye silinda moja, kama baadhi ya Pulsar, badilisha zote mbili.

5. Pima mwanya. Cheche huruka kati ya ncha ya katikati na ile ya pembeni. Kwa pikipiki nyingi ndogo, mwanya huo ni kati ya milimita 0.6 na 0.8, kitabu kitakupa kipimo kamili. Ukiwa mpana mno, koili inashindwa kurusha cheche pale mgandamizo unapokuwa mkubwa, yaani ukipanda milima ya Mbooni na abiria na gunia la maembe. Ukiwa mwembamba mno, cheche inakuwa ndogo na injini inasitasita pikipiki ikiwa imesimama.

Usipime kwa jicho. Geji ya mabamba membamba ni ya bei nafuu. Kama huna, msumeno wa kukatia chuma una bamba la unene wa takriban milimita 0.63, tumia mgongo wake, si upande wa meno. Bamba lipite likigusa pande zote mbili bila kulazimishwa. Kupunguza mwanya, gonga ncha ya pembeni taratibu kwenye mbao. Kuupanua, iinue kidogo. Ya katikati usiiguse, kauri yake hupasuka.

6. Funga kwa vidole kwanza. Izungushe kwa mkono mpaka ikae. Ikigoma, irudishe uanze upya. Spana isitumike kutatua ubishi. Ikishakaa, plagi mpya yenye washa ikazwe kwa spana karibu nusu mzunguko. Iliyokwisha kutumika, sehemu ya kumi na mbili ya mzunguko tu. Misuli haihitajiki.

Sasa weka plagi ya akiba iliyokwisha kupimwa, pamoja na spana yake, chini ya kiti. Barabara ya Kibwezi kwenda Kitui kupitia Ikutha na Mutomo iko jirani na hifadhi ya Tsavo Mashariki, na ndovu huvuka hadi mashambani. Anayebeba mama mjamzito usiku kwenye njia kama hiyo hana haki ya kubahatisha cheche. Fungua plagi yako wiki hii, kabla haijakulazimisha kuifungua gizani.