Barua ya Wazi kwa Jopo la Nidhamu la Mawakili, Kenya

Waheshimiwa Wasomi,

Nawasalimu kwa unyenyekevu wa mtu asiyeijua sheria, na kuwapongeza kwa subira mnayotufundisha.

Chukueni mama mboga aliyegongwa na matatu. Bima imelipa fidia, hundi imeingia kwenye akaunti ya wakili wake, kisha kimya. Akipiga simu, karani humjibu, "Wakili yuko kortini." Akijikokota na gongo lake mpaka ofisini, anaambiwa faili haionekani. Mtu mkorofi angekimbilia polisi. Yeye, kwa kuiheshimu taaluma, anakuja kwenu.

Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, inamruhusu. Sharti ni dogo tu: malalamiko yawe katika hati ya kiapo. Ataapa mbele ya nani? Kamishna wa viapo, ambaye kwa kawaida naye ni wakili, tena kwa ada. Hongereni! Hata aliyelizwa na wakili huanza kwa kumlipa wakili.

Akifika mbele yenu atawakuta mawakili sita waliochaguliwa kwa kura za mawakili wenzao. Wenye midomo husema hiyo ni kesi ya nyani kupelekewa ngedere. Wanamsingizia ngedere, yeye haombi kura za nyani. Wamo pia watu watatu wasio mawakili, idadi inayotosha kabisa kushindwa kura.

Adhabu nazo zinatisha: onyo, faini isiyozidi shilingi milioni 1, kusimamishwa kazi hadi miaka 5, au jina kufutwa katika orodha ya mawakili. Fidia mnayoweza kuamuru haivuki milioni 5. Ni uungwana kumtangazia mtu bei mapema. Aliyekalia milioni 8 za mteja hana haja ya kubahatisha hesabu. Salio mama atalidai mahakamani, na huko, bila shaka, atatafuta wakili.

Kesi ikiahirishwa, mama hurudi nyumbani na tarehe mpya. Pesa zake haziahirishwi. Zinaendelea kupandisha ghorofa la mtu.

Nina ombi moja. Wakili akikiri kwamba pesa za mteja alizipokea, aziweke mahali mnapoziona kabla hamjampa tarehe nyingine ya kujieleza. Akishindwa, asubiri hukumu yenu bila kuruhusiwa kushika pesa za mteja mwingine.

Mkiona nawaonea mawakili, niiteni nijitetee. Nitakuja bila wakili.

Wenu mtiifu,
Mteja