Karatasi Inalala Wapi?

Ofisini kwetu, kupata bidoni moja ya mazutu ya jenereta ni safari. Ombi linaandikwa, linakwenda kwa sekretere, kwa sekretere linakwenda kwa mhasibu, kwa mhasibu linapanda ghorofani, kisha halionekani tena. Wakati huo jenereta imekauka, kompyuta zimezima, na sisi tumekaa barazani tunatazama ziwa. Ukiuliza, kila mmoja anakuapia kwamba kwake lilikwisha kutoka jana.

Wakubwa wakachoka kusikia malalamiko. Wakamwita mtaalamu kutoka Lubumbashi aje kutufundisha kuchora njia inayopitiwa na kazi, hatua kwa hatua, ili tuone inakwama wapi.

Mtaalamu alianza na Frank Gilbreth, Mmarekani aliyeanza maisha kwa kazi ya uashi. Huyu bwana alihesabu miondoko 18 ambayo mwashi huifanya kwa kila tofali, akaipunguza hadi mitano. Mwaka 1921 yeye na mkewe Lillian wakawaonyesha wahandisi wa kwao jinsi ya kuchora kazi yoyote kwa alama. Alama zinazotumika leo ni chache: duara ni kazi yenyewe, mshale ni kusafirisha, mraba ni kukagua, pembetatu ni kuhifadhi, na herufi D ni kusubiri.

Kwa haki, elimu hii ilipaswa kuzaliwa hapa kwetu Kalemie. Reli ya Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, ya kutoka Kabalo ikafika kwetu mwaka 1915, enzi mji ulipoitwa Albertville, na katikati likabaki ziwa Tanganyika. Mzigo ukashuka treni ukapanda meli, ukashuka meli ukapanda treni, na kila uliposhuka palikuwa na mtu mwenye daftari. Mpagazi yeyote wa bandarini angekuchorea mishale hiyo mchangani kwa kidole.

Sisi tulichora kwa vikaratasi vya kunata: vya njano kwa kazi, vya waridi kwa kusubiri. Kila mkuu wa idara alieleza sehemu yake kwa sauti ya kanisani. Ombi linaandikwa, linasajiliwa, linakaguliwa, linatiwa sahihi, linapigwa muhuri, mazutu inatoka. Ukuta mzima ukawa njano. Vya waridi ungevitafuta kwa tochi. Tukapigiana makofi, tukaenda kula bukari na migebuka.

Ilikuwa kiangazi, na upepo wa kusini wa Tanganyika haubishi hodi. Tuliporudi, papa plantoni, mbeba karatasi wetu, ambaye hakualikwa semina bali alikuja kukusanya chupa za soda, alikuwa ameokota vikaratasi vyote sakafuni na kuvibandika upya. Mtaalamu akavisoma: mazutu inatoka, ombi linaandikwa, muhuri, kusubiri, ukaguzi, kusubiri, sahihi. Ukumbi ukaangua kicheko. Papa plantoni hakucheka.

"Ni vile inapitaka, shefu," alisema. "Mazutu ya jeep ya wakubwa inatangulia, karatasi yake inafuata. Ya jenereta inangojaka."

Kicheko kikakatika. Mtunza depo akaanza kuchunguza viatu vyake. Mhasibu, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akapata la kusema: asubuhi zake zote zinaishia katika kutengeneza karatasi za mazutu iliyokwisha kuungua barabarani, na ombi la jenereta linabaki chini ya rundo.

Mtaalamu akaacha ukuta, akamfuata papa plantoni ofisi hadi ofisi. Ghorofani wakakuta meza yenye vumbi na ombi letu juu yake, limepigwa pini mbili, pembe imekunjika.

"Hapa nani anatia sahihi?"

"Hakuna. Alisha hama zamani. Tunailalishaka tu, asubuhi tunaibeba."

"Bila sahihi?"

"Bila sahihi."

"Sasa kwa nini?"

"Heshima, shefu."

Pale penyewe mtaalamu akaandika D, kubwa, kwa wino mwekundu.

Leo meza ile imeondolewa. Bidoni ya kwanza ya jenereta inatoka kwa sahihi moja, hesabu zinafungwa kila Ijumaa, na jeep inapanga foleni kama sisi wengine. Jenereta inawaka kabla ya chai. Malalamiko yapo bado, ila sasa yanatoka ghorofani.

Basi nawe, ukitaka kuchora kazi ya ofisi yenu, mwenye sahihi atakueleza sheria inavyosema, na mbeba karatasi atakueleza inavyopita. Anza na huyo wa pili. Na jina lake liandikwe kwenye orodha ya posho ya semina. La papa wetu mpaka sasa linasubiri sahihi.