Jinsi ya Kumvisha Bibi Harusi Sangara

Anza kwa kupatana na paka wa mtaa. Ukibeba ngozi mbichi za sangara kutoka Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, kabla hujafika mlangoni watakuwa wamekutangulia. Jirani naye atauliza unapika nini. Mwambie ukweli: natengeneza kidani cha harusi. Acha acheke, na kadi umpe.

Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na leo kila kipande chake kina njia yake: minofu hupanda ndege kwenda Ulaya, mabondo, yaani vibofu vya hewa, huenda China, mapanki, yaani mifupa na vichwa, hukaangwa hapahapa. Ngozi ndiyo mara nyingi haigombewi. Igombee wewe. Itie chumvi palepale, maana jua la Mwanza halina subira.

Nyumbani, kwangua nyama yote kwa kisu butu. Loweka ngozi katika maji ya chokaa mpaka magamba yalegee, yang'oe, kisha suuza, suuza tena. Maji yawe baridi mwanzo hadi mwisho. Ngozi ya samaki ikiguswa na maji ya moto hujikunyata, ikaelekea kuwa gundi. Sasa tia unga wa magome ya miwati, ule wa Njombe. Anza na maji mepesi, rangi ya chai ya mkandaa (mababu wa pwani walitumia magome ya mkandaa huohuo kutengenezea ngozi), uongeze ukali siku hadi siku. Ukianza na ukali, uso utajifunga na ndani pabaki pabichi. Kata pembeni uchungulie ukingo: ukiona mstari mweupe katikati, rudisha ndooni.

Ikishaiva, wako watakaokushauri uipake rangi ifanane na mamba. Nakusihi, kataa. Kila gamba limeacha kifuko chake, safu juu ya safu kama vigae vya paa, na hakuna ngozi ya mamba yenye urembo huo. Pitisha kidole kutoka kichwani kwenda mkiani: hariri. Rudi kinyumenyume: inakushika. Basi kata kidani upande wa kichwa ukiwa juu, la sivyo kitafumua uzi wa kitenge cha kila atakayemkumbatia bibi harusi.

Kifungo, panda Makoroboi, mtaa wenye jina la taa za mkebe. Fundi bati anayejua kukunja koroboi atakukunjia kitu kidogo chenye heshima. Umbo, nenda Bujora, Kisesa, katika makumbusho ya Wasukuma, ulitazame banda la watemi lililojengwa kwa umbo la kiti cha enzi. Kama kiti kimekuwa nyumba, wewe nawe unaweza kuligeuza Jiwe la Bismarck, lile la ziwani Mwanza, likawa hereni.

Siku ya harusi, shangazi wa bwana harusi atakishika kidani, atakisogeza puani. Mwache anuse. Kama hukuharakisha ndoo, atasikia harufu ya magome tu, na atauliza kimenunuliwa duka gani Dar. Mjibu: Mwaloni.