Mgeni wa Kupunguza Vitu

Binti wa kaka alikuja Matema kupumzika kutokana na joto la Dar es Salaam. Siku ya pili tu akaanza kutupunguzia vitu. Amehitimu kwa Marie Kondo, yule Mjapani anayefundisha watu kushika kitu na kujiuliza kama kinawapa furaha. Akainua ndoo yetu iliyokatika mshikio.

“Shangazi, hii kweli inakufurahisha?”

Mwanangu, hiyo ndiyo benki. Ndani mna mchele wa kutufikisha mavuno, na bei ya dukani ndiyo isiyonifurahisha.

Akahamia jikoni. Chungu changu chenye ufa kikatupwa kwenye rundo la uchafu. Mama wa Kikisi kule Ikombe alikifinyanga kwa mikono mitupu, bila gurudumu, akakichoma, akakivusha kwa mtumbwi hadi soko la Lyulilo. Kweli kina ufa, lakini ufa uko juu na mchuzi uko chini; hawajawahi kukutana. Nikakiokota kimyakimya. Mafuta ya kula yalikuwa yameisha tangu juzi, basi nikachemsha humo usipa kwa nyanya na ndimu. Mwalimu wetu wa kupunguza vitu akaongeza sahani mara mbili, akalamba na vidole.

Jumamosi akaaga. Begi lilikuwa na vyungu vitatu vipya vya kupambia sebule, vimeviringishwa kwa khanga zangu. Na kilo 10 za mchele wa Kyela alizifungasha wapi? Kwenye ndoo isiyo na mshikio. Konda akamtoza nauli ya mzigo.