Sifa za King'amuzi

Wanaosema king'amuzi ni kijisanduku tu hawajawahi kujaribu kukihamisha. Mimi nilitaka kukisogeza kutoka pembe ya sebule hadi ukuta wa pili, nipate pa kuweka waifai ya meshi, na leo nasimama mbele yenu kukisifu. Sifa zake ni nyingi. Joto lake linawatunza mijusi wa nyumba hii kwa ukarimu mkubwa. Taa yake nyekundu huwaka usiku kucha, hivyo mwizi hatajikwaa. Mvua ya masika ikipamba moto kinakata matangazo, na familia inapata nafasi ya kutazamana. Siku ya Simba na Yanga kinamwahi jirani anayetazama kwa intaneti, ambaye hulijua goli kwa kelele za kwetu. Lakini hayo ni madogo. Fadhila yake kuu ni msimamo.

Na msimamo huo una asili tukufu. Juu ya Ikweta, kama kilomita 36,000 kutoka ardhini, kuna setilaiti ambayo ukiitazama kutoka huku haisogei. Dishi letu limekazwa kwa boliti kuielekea. Likipinda nyuzi chache tu, picha inagoma. Kutoka kwenye dishi unashuka waya, unapenya tundu ambalo fundi alilitoboa pale palipomfaa yeye, na unakoma hapohapo bila hata shubiri ya ziada. Hapo ndipo king'amuzi kilipo. Kwa kuwa kipo hapo, runinga ipo hapo. Kwa kuwa runinga ipo hapo, makochi yanaielekea, feni inayapulizia makochi, meza inayafuata makochi, na mgeni akibisha hodi anakaribishwa kuketi pale setilaiti ilipoamua. Wasanifu wa majengo husota chuoni miaka mingi ili wajue kupanga nyumba. Hiki kimeipanga yangu kwa waya mmoja.

Hata mafundi wa faiba walipokuja walikipa heshima yake. Mkubwa wao aliukagua ukuta, akaliona lile tundu, uso ukamchangamka. "Njia ipo tayari, bosi." Basi ruta ya kampuni ikaenda kupiga magoti nyuma ya runinga, katikati ya bati la mgongo wa skrini, TV gadi na spika ya besi. Waifai hupenda mahali pa wazi, pa juu, katikati ya nyumba. Ukitafuta pahali pabaya zaidi ya pale itabidi uende stoo. Mawimbi ya gigahazi 5 hubeba mzigo mkubwa lakini matofali ya saruji huyachosha mapema. Ya 2.4 hupenya vizuri zaidi, ila yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, 1, 6 na 11, na mtaa mzima unazigombania pamoja na maikrowevu za watu.

Ndiyo maana nikanunua meshi, visanduku vinavyopokezana intaneti chumba hadi chumba. Bila waya, kila kimoja hutumia sehemu ya nguvu zake kuongea na mwenzake kabla hakijakuhudumia wewe. Kwa waya vinapendeza. Nikaukumbuka waya wa dishi, ule mnene, ambao tawi lake linafika chumbani kwenye runinga ya pili. Vipo vifaa vya kupitisha intaneti kwenye waya wa namna hiyo. Lakini vinatumia masafa kuanzia megahazi 1125 hadi 1675, na king'amuzi kimeshajitandaza kuanzia 950 hadi 2150, tena kinapandisha volti 13 au 18 kwenye waya huohuo kuilisha LNB, kile kipokezi cha dishi kule juu ya paa. Kumbe hata pale pasipoonekana kimekaa, na hakisogei.

Wapo wanaokiita kiburi. Nawakumbusha kwamba kiliingia kwa amri: usiku wa kufunga mwaka 2012 mitambo ya analojia ilizimwa Dar es Salaam, na asiye na king'amuzi alibaki na chenga. Tuliahidiwa picha safi, tukaipata. Ila picha safi ya kampuni hii haifunguki kwenye kisanduku cha kampuni ile! Ligi ya nyumbani huku, ligi ya Uingereza kule, madishi mawili juu ya paa moja, vifurushi viwili vinavyokwisha siku tofauti, na rimoti unayoitaka siku zote ndiyo iliyo chini ya kochi. Hilo si kosa la kisanduku. Kuna watu waliokaa kwenye meza wakaamua liwe hivyo.

Ruta nayo inarusha waifai yake, meshi inarusha yake. Simu yangu iko kwenye meshi, runinga iko kwenye ruta. Zimetengana hatua chache na hazionani. Dawa yake inajulikana: ruta ibaki daraja tu, meshi ishike kazi ya kugawa anwani. Nikapiga huduma kwa wateja. Baada ya muziki mrefu, dada mmoja mpole akaniuliza kama nimejaribu kuzima na kuwasha. Watu wa intaneti wakasema tatizo ni runinga. Watu wa runinga wakasema king'amuzi chao hakitumii intaneti, kwa hiyo niwaulize wa intaneti. Aliyeniuzia meshi akasema ninunue kisanduku kimoja zaidi. Kila mmoja anaizungumzia nyumba yangu kana kwamba hakuna mwingine aliyewahi kuitoboa ukuta.

Nikaomba basi nenosiri la ruta ninayoilipia kila mwezi. Hawawezi kulitoa, kwa usalama wangu. Kuhusu waya wa dishi, kuusogeza inawezekana kabisa: nilipie ada ya fundi, nilipie waya mpya, na kifurushi kiwe hai siku hiyo, ili fundi ahakikishe kwamba picha niliyokuwa nayo kabla hajaja bado ipo.