Kumi, Tisa, Nane… Murongo Inachagua Chuo

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, stesheneri za Murongo, Kaisho na Nkwenda hapa Kyerwa hujaa vijana, na kila mmoja ana swali lile lile kwa mwenye kompyuta: "Kaka, niombe chuo gani?" Kaka wa stesheneri ni mtu mwema, lakini kazi yake ni kuchapa. Kuchagua kufanyike nyumbani, miezi kadhaa kabla ya dirisha la udahili kufunguliwa, wazazi wakiwepo na kaunta buku mezani. Haya hapa mambo kumi ya kupima. Tunaanza na jepesi, tunashuka hadi zito, kwa hiyo mwenye haraka asiishie namba kumi akadhani amemaliza.

10. Jina la chuo

"Mwanangu yuko Mlimani!" Hiyo sentensi ikitamkwa sokoni, hata bei ya ndizi husimama kidogo. Ndugu zetu Wahaya wametupa neno nshomile kwa raha ya namna hiyo, na Wanyambo nao, tukubaliane, hawakubaki nyuma. Jina lina thamani yake. Lakini hata huo Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulianza Oktoba 1961 na kitivo kimoja tu cha sheria, katika jengo la Mtaa wa Lumumba, mlima wenyewe haujapandwa bado. Huwezi kumuuzia Mnyambo mkungu ambao hajaugusa akaukagua. Iweje akubali kozi kwa kusikia jina la geti?

9. Rafiki yako anakwenda wapi

Rafiki mzuri atakutembelea popote. Tuendelee.

8. Umbali

Kutoka Murongo hadi Dar es Salaam ni kilomita zinazokaribia 1,500. Zidisha nauli kwa safari za kwenda na kurudi kila mwaka, kisha zidisha tena kwa miaka ya kozi, halafu mwonyeshe baba jumla. Usimwonyeshe kabla hajala.

Umbali una faida zake: unakomaza, unakutoa kwenye uangalizi wa shangazi. Ila usiulipie bila kujua kilichopo karibu. Mwanza kuna SAUT pale Malimbe, na Bugando kuna chuo kikuu cha afya kilicho ubavuni mwa hospitali ya rufaa, jambo ambalo mwanafunzi wa udaktari analihitaji kila siku. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo Bukoba, na kimewafaa walimu wengi wasiotaka kuacha kazi, mke na shamba la kahawa kwa wakati mmoja. Mradi wa HEET wa kuboresha vyuo vikuu, ulioanza mwaka 2021 kwa mkopo wa dola milioni 425 kutoka Benki ya Dunia, nao umeleta ujenzi wa kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hapa hapa Kagera. Angalia kwenye mwongozo wa udahili wa mwaka wako ni kozi zipi zinafundishwa kampasi ipi, kwa sababu jina la chuo linaweza kuwa moja na mkoa ukawa mwingine kabisa.

7. Ng'ambo ya mto

Sisi wa Murongo tunaamka tunaitazama Uganda. Kutoka Kikagati, ng'ambo ya Mto Kagera, hadi Mbarara hakufiki hata kilomita mia, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara kipo tangu 1989. Lugha tunaelewana, na wengine wetu tuna mjomba Isingiro mwenye chumba cha ziada. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisoma Makerere, kwa hiyo hakuna atakayekuita msaliti.

Ila kabla hujapanda gari uliza maswali matatu. Je, chuo hicho kitakubali vyeti vya NECTA, na kinataka vilinganishwe wapi? Je, Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) itaitambua shahada hiyo utakaporudi nayo kuomba kazi hapa Kyerwa? Na ada utailipa kwa fedha zipi, kwa kuwa mikopo ya Bodi ya Mikopo (HESLB) imewekwa kwa ajili ya vyuo vya ndani? Ukipata majibu mazuri kwa yote matatu, msalimie mjomba.

6. Ada, na jamaa zake

Elimu bila ada ilifika hadi kidato cha sita mwaka 2022. Ni jambo jema sana, na ndiyo sababu barua ya kwanza ya chuo huwashtua wazazi wengi. Katika vyuo vikuu vya umma, ada ya kozi nyingi huzunguka shilingi milioni moja hadi milioni moja na nusu kwa mwaka. Udaktari katika chuo binafsi hupita milioni tano. Vyuo vya VETA vya serikali, kwa miaka mingi, vimetoza shilingi 60,000 kwa kutwa na 120,000 kwa bweni. Soma hizo tarakimu tena, taratibu.

Na ada haisafiri peke yake. Inakuja na hosteli au geto, chakula, bima ya afya, usajili, mitihani, sare kwa kozi za afya, na gharama za mafunzo kwa vitendo, ambapo unaweza kupelekwa mkoa ambao hujawahi kuuona hata kwenye ramani. Chora jedwali: chuo kimoja kwenye kila mstari, gharama zote za mwaka mzima upande wa kulia. Mara nyingi chuo chenye ada ndogo kilicho mbali hugeuka kuwa ghali kuliko chenye ada kubwa kidogo kilicho Bukoba au Mwanza. Jedwali halina aibu kama binadamu. Litakuambia hata usichotaka kusikia.

5. Mkopo

Bodi ya Mikopo ilianza kazi mwaka 2005, na tangu hapo neno bumu, yaani fedha za mkopo, limetamkwa vyuoni kwa furaha kuliko jina la mkuu wa chuo. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 posho ya chakula na malazi ilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Habari ambayo haijafika vijiji vyote ni kwamba tangu 2023/24 mikopo imefunguliwa pia kwa baadhi ya stashahada, zile za fani za kipaumbele kama afya na ualimu wa sayansi. Aliyeacha kuomba chuo cha kati kwa kuamini mkopo ni wa chuo kikuu peke yake, aangalie upya.

Bumu ni deni. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi hadi liishe. Panga bajeti mbili, moja ya kupata mkopo wote na nyingine ya kupata nusu, kwa kuwa wengi hupangiwa asilimia fulani tu. Ikiwa familia haiwezi kuishi na ile ya pili, chuo hicho kishushwe kwenye orodha.

4. Karatasi

Cheti cha kuzaliwa kihakikiwe na RITA mapema. Majina yafanane kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne na cha sita. Kama shuleni uliandikwa kwa jina la babu na nyumbani kwa jina la baba, rekebisha sasa. Mpakani hapa maswali ya uraia ni ya kawaida na namba ya NIDA yaweza kuchelewa, kwa hiyo anza safari hiyo ukiwa bado shuleni.

Jingine ni simu. Ukichaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja, unathibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwa ujumbe, tena kwa muda maalumu. Simu za Murongo zina tabia ya kuvuka mto bila pasipoti na kushika mtandao wa Uganda. Siku za uthibitisho, mpeleke mwenye simu kilimani.

3. Vigezo

Hapa ndipo ndoto nyingi zinapokutana na hesabu. TCU hutoa mwongozo wa udahili kila mwaka, mmoja wa waliomaliza kidato cha sita na mwingine wa wenye stashahada, na unapatikana bure. Kiwango cha chini cha kuingia shahada ya kwanza ni ufaulu wa masomo mawili makuu yenye jumla ya pointi 4. A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1. D mbili zinatosha kufika mlangoni. D na E zinakuacha uwanjani, hata kama umevaa tai.

Kufika mlangoni hakumaanishi kuingia chumba unachokitaka. Kila kozi ina masharti yake, na udaktari unataka fizikia, kemia na baiolojia, zote tatu. Mwenye HGL (historia, jiografia na Kiingereza) anaweza kuwa wakili mkali, ofisa maendeleo, mwalimu ambaye wanafunzi hawamsahau, lakini si daktari kupitia mlango huo. Kisha kuna nafasi: kozi ikiwa na viti vichache na waombaji wengi, kigezo cha chini kinabaki kwenye karatasi. Weka kwenye orodha yako kozi moja ya ndoto, mbili unazozimudu vizuri, na moja ambayo hata siku mbaya watakupokea.

2. Aina ya chuo

Vuta kiti, hapa tutakaa kidogo. Wengi wanalinganisha chuo na chuo kabla ya kulinganisha aina na aina, na hapo ndipo miaka inapopotea.

VETA kwanza. Ufundi stadi uko chini ya mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na Karagwe kipo chuo cha wilaya. Nyumbani husemwa VETA ni ya walioshindwa. Wanaosema hivyo, taa zikizimika, humpigia nani?

Vyuo vya maendeleo ya wananchi vilianza mwaka 1975, na katika mkoa wetu kuna Gera na Rubondo. Programu ya Elimu Haina Mwisho imewarudisha darasani wasichana waliokatishwa masomo, na mama anaweza kwenda na mtoto wake, kwa sababu vyuo hivi vina malezi ya watoto. Kama una dada nyumbani aliyeacha shule kwa ujauzito, mtafutie fomu leo. Hili nalisema bila mzaha wowote.

Vyuo vya kati viko chini ya NACTVET, na mwenye kidato cha nne hupanda ngazi ya nne, ya tano na ya sita hadi stashahada. Fikiria kwa macho ya Kyerwa. Migomba inasumbuliwa na mnyauko: Maruku, Bukoba, kuna chuo cha kilimo jirani na watafiti wa migomba. Bati linachimbwa Kyerwa: Dodoma kuna chuo cha madini. Hifadhi ya Ibanda-Kyerwa ilipandishwa kuwa ya taifa mwaka 2019: Pasiansi iko Mwanza, na Mweka, kilichofunguliwa 1963, kiko chini ya Kilimanjaro. Mto Kagera unazalisha megawati 14 pale Kikagati na Murongo: Chuo cha Ufundi Arusha kina kituo cha nishati jadidifu Kikuletwa. Afya? Muleba kuna Ndolage na Rubya. Vijana wetu wanapita kando ya bwawa la umeme wakienda kuomba kozi ambayo hawajui inafanya kazi gani.

Chuo kikuu kinachukua miaka mitatu kwa kozi nyingi, minne kwa uhandisi, mitano kwa udaktari kabla ya mwaka wa mazoezi hospitalini.

Sasa hesabu ambayo ningependa ibandikwe kwenye kila ubao wa matangazo wa shule ya kata. Kidato cha nne, kisha miaka miwili ya tano na sita, kisha mitatu ya shahada: mitano. Kidato cha nne, kisha miaka mitatu ya stashahada, kisha mitatu ya shahada: sita. Tofauti ni mwaka mmoja, lakini wa njia ya pili katikati ya safari tayari ana taaluma mkononi, anaweza kusimama, akafanya kazi, akamlipia mdogo wake, kisha akaendelea. Akiwa na GPA ya 3.0 anahesabika kwenye mlango wa chuo kikuu; NACTVET humpa namba ya uhakiki na anaomba kama wengine. Njia ya kidato cha tano inamfaa anayejua anataka nini na ana masomo ya kumfikisha. Kwa ambaye nyumbani fedha hukatika kati ya msimu mmoja wa kahawa na mwingine, mimi ningesimama upande wa stashahada bila kusita.

Na Selform, ile fomu ya machaguo uliyoijaza shuleni kwa haraka, si hukumu ya mahakama. Baada ya matokeo ya kidato cha nne, TAMISEMI hufungua mfumo wa kubadilisha tahasusi na vyuo. Tumia siku hizo.

1. Usajili

Namba moja, na hakuna utani wa kuifuta. Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na katika vyuo vingine ikazuia baadhi ya kozi. Chuo kinaweza kuwa halali na kozi yako isiwe halali. Kwa hiyo tafuta vyote viwili, chuo na kozi, kwa majina kamili, kwenye orodha ya TCU kwa shahada au ya NACTVET kwa cheti na stashahada. Kwa taaluma zenye mabaraza, ongeza swali: muuguzi atahitaji leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, mhandisi atahitaji bodi yake; je, wanawatambua wahitimu wa hapo?

Akija mtu na vipeperushi vya rangi, akiahidi nafasi ya haraka bila kuuliza umepata nini kwenye kemia, mkaribishe kahawa, mpe kiti kizuri, muulize namba ya usajili wa chuo na aina ya ithibati ya kozi, uiandike kwenye kaunta buku. Kisha fungua orodha mwenyewe na uilinganishe, kabla hujalipa hata shilingi ya fomu.