Kitambaa Kilichovaliwa Kichwani

Wifi yangu alipotangaza kwamba kitambaa cha meza cha sendofu ya mpwa wetu atakifuma mwenyewe, kaka yake alichukua redio yake akahamia kibarazani. Anamjua dada yake.

Maelekezo yalikuwa kwenye karatasi iliyochapwa Uingereza, na juu yake imeandikwa kuwa ni kazi rahisi. Wifi akalishika neno hilo kama kiapo. Uzi mweupe wa pamba, sindano ya kroshia ya milimita 4, miguu juu ya stuli, kazi ikaanza. Mzunguko wa kwanza mishono 6, wa pili 12, wa tatu 18, hivyo hivyo. Hesabu ya mtoto wa shule.

Muda si muda kingo zikaanza kujikunja.

“Kitanyooka kwa pasi,” akasema, akazidi kufuma.

Mama mkwe alipotoka kuswali akakiokota kile kitu, akakivaa. Kikamkaa barabara.

Lawama zikaanza kugawiwa: uzi ni feki, wanangu wanamvuruga hesabu, na mimi eti nilimgusia sindano. Wali ukaungua huku wanawake watatu tumeinamia karatasi.

Mama mkwe ndiye aliyegundua. Mshono ambao Waingereza wanauita dabo, Wamarekani wanauita singo, nao ni mfupi. Wifi alijifunza kwa video za Kimarekani, kwa hiyo dabo yake ni ile ndefu, ya kuzungusha uzi sindanoni kwanza. Mduara wa mishono mirefu hutaka nyongeza ya kama 12 kila mzunguko ndipo ulale. Ukiupa 6 unajikunja kuwa bakuli.

Basi hilo “rahisi” lilikuwa rahisi kwa nani? Kule Marekani, baraza la uzi liitwalo Craft Yarn Council limegawa maelekezo katika ngazi nne, kuanzia za msingi hadi zile changamano. Sina ugomvi nazo, ila ngazi hupima mbinu. Hazijui nani anakuita jikoni. Mama mkwe ana mitihani yake: je, mistari inajirudia? Ukiacha katikati ukaepue chungu, utajua ulipoishia? Uzi ni mwembamba kiasi gani? Tena hupenda michoro kuliko maneno. Kiduara bapa ni mnyororo, msalaba ni mshono mfupi, T yenye mkato mmoja ni ule mrefu, na hapo Mwingereza na Mmarekani hawana cha kubishania.

“Fumua, mwanangu,” akamwambia.

Wifi akakataa katakata. Akatafuta mchoro wa nanasi, ulioandikwa kuwa mgumu, akaufuma huku akisimulia umbea, na ukatoka umenyooka hata pasi haukuhitaji. Siku ya sendofu bibi harusi alikipapasa kitambaa, akauliza kama shangazi yake anaweza kumfumia shuka la kitanda, sita kwa sita. Mama mkwe alimkanyaga wifi mguu chini ya meza, lakini alichelewa. Ameshakubali, na uzi ameshaagiza.